Pendekezo na ripoti: Karatasi inayokutetea usipokuwepo

WAKATI wa alasiri mjini Voi, si ajabu kuwakuta mwenyekiti, katibu na mweka hazina wa kikundi cha akina mama au cha vijana wamemzunguka mpiga chapa katika duka la saiba. Mkononi wana tangazo la mfuko fulani unaoalika maombi ya fedha, na siku ya mwisho ya kuyapokea ni kesho.

Mpiga chapa, ambaye amekwisha kuizoea hali hiyo, hufungua pendekezo la kikundi kingine lililohifadhiwa ndani ya kompyuta yake, akafuta jina la zamani na kutia jipya. Baada ya saa moja kazi imekwisha, ada imelipwa na bahasha imefungwa. Miezi kadhaa baadaye, wanakikundi hao hulalamika kwamba fedha hutolewa kwa kujuana.

Huenda malalamiko hayo yana ukweli mahali fulani. Hata hivyo, kuna jambo jingine ambalo halisemwi mara nyingi: karatasi iliyotumwa haikuwa na neno lolote kuhusu kikundi chenyewe. Aliyeisoma hakuweza kutofautisha wakulima wa Sagalla na wavuvi wa Ziwa Jipe. Alichokiona ni maneno yale yale aliyoyasoma katika bahasha kumi zilizotangulia.

Pendekezo la mradi, zabuni na ripoti ni maandishi ya aina moja kwa jambo moja muhimu: husomwa wakati mwandishi hayupo. Msomaji yumo ofisini Mwatate, Nairobi au ng'ambo. Pengine hajawahi kukanyaga Voi. Hawezi kukuuliza ulimaanisha nini, wala huwezi kumshika mkono umwonyeshe shamba lililokanyagwa na ndovu usiku wa kuamkia jana. Karatasi ndiyo wakili wako wa pekee, na makala haya yanaeleza namna ya kumwandaa wakili huyo ili asikuaibishe.

Tofauti kati ya maandishi haya

Kabla ya kushika kalamu, yafaa mwandishi ajue anaandika nini. Pendekezo ni ahadi. Ndani yake unamwambia mwenye fedha kwamba kuna tatizo, kwamba unajua njia ya kulipunguza, na kwamba ukipewa kiasi fulani utafanya kazi fulani kwa muda fulani. Wenzetu wa Tanzania huliita andiko la mradi.

Zabuni nayo ni ahadi, ila hapa mnunuzi amekwisha kuamua anachotaka. Kaunti inapotangaza kwamba inahitaji madawati 200, haitaki kuelezwa umuhimu wa elimu. Inataka kujua iwapo unaweza kuyaleta, kwa bei gani na lini.

Ripoti ni hesabu ya ahadi. Humweleza aliyetoa fedha, au mwanachama aliyechanga, yale yaliyofanyika, yaliyopatikana, yaliyoshindikana na yatakayofuata. Wengi huichukulia ripoti kuwa mzigo wa mwisho wa mradi. Kwa hakika ripoti njema ndiyo mwanzo wa pendekezo lijalo, kwa kuwa hakuna ushahidi wa uaminifu unaoshinda fedha za awali zilizotolewa hesabu kamili.

Soma tangazo kabla ya kuandika

Kosa la kwanza hutokea kabla ya neno la kwanza kuandikwa. Mwombaji hulitupia tangazo jicho mara moja, akaona kiasi cha fedha, kisha akaanza kuandika. Inapasa alisome mara tatu huku akipigia mstari kila linalotakiwa: aina ya kikundi, idadi ya wanachama, cheti cha usajili, taarifa za benki, idadi ya kurasa na saa ya mwisho ya kupokea maombi.

Katika zabuni za umma, suala hili ni la kisheria. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inataka zabuni itimize masharti yote ya lazima ndipo ihesabiwe kuwa inafaa kutathminiwa. Sheria hiyo hiyo inataka kurasa zote za zabuni zitiwe nambari kwa mfululizo. Mfanyabiashara anaweza kuwa na bei nzuri kuliko wote, lakini zabuni yake ikawekwa kando kwa sababu ya kurasa zisizo na nambari au hati moja aliyoisahau mezani.

Hasara ya uzembe huo ni kubwa zaidi kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, ambao walitengewa asilimia 30 ya ununuzi wa serikali kupitia mpango ulioanza 2013. Mlango umefunguliwa, lakini karatasi zisizotimiza masharti huufunga tena.

Njia rahisi ni kuandika orodha ya masharti yote upande wa kushoto wa ukurasa, na upande wa kulia ukaandika ni ukurasa gani wa pendekezo lako unaojibu sharti hilo. Penye pengo, kazi haijakamilika.

Onyesha tatizo kwa hesabu

Tuchukue mfano wa kubuni wa kikundi cha wakulima 10 wa Sagalla ya chini, kusini mwa mji wa Voi. Wanataka fedha za kujikinga dhidi ya ndovu. Zaidi ya nusu ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, kwa hivyo tatizo lao ni la kweli na kila mwenyeji analijua. Hapo ndipo mtego ulipo. Kwa kuwa wanalijua, hudhani kwamba msomaji pia analijua.

Katika rasimu ya kwanza wanaandika hivi: "Jamii yetu imeteseka kwa muda mrefu kutokana na wanyamapori ambao wameleta umaskini mkubwa, na tunaomba wafadhili watusaidie."

Kila neno katika sentensi hiyo ni la kweli, lakini halimsaidii msomaji kuamua. Ni jamii gani? Muda mrefu ni miaka mingapi? Umaskini mkubwa ni kiasi gani?

Sasa tuseme katibu wao alikuwa na daftari, na kila ndovu walipoingia aliandika tarehe, jina la mwenye shamba, zao lililoharibiwa na ukubwa wa eneo. Rasimu ya pili ingesomeka hivi: "Katika msimu uliopita, ndovu waliingia katika mashamba 7 kati ya 10 ya wanachama wetu. Waliharibu ekari 9 za mahindi na pojo, ambazo kwa kawaida hutupa magunia 54. Kumbukumbu za kila tukio, zenye tarehe na picha, zimeambatishwa."

Takwimu hizo ni za mfano tu, lakini msomaji ataona tofauti. Rasimu ya pili haiombi huruma. Inampa afisa kitu anachoweza kukithibitisha, na kitu kinachoweza kuthibitishwa ndicho anachoweza kukitetea mbele ya wakubwa wake. Aidha, hesabu hizo zitakuwa kipimo cha mafanikio mradi utakapokwisha, maana asiyejua alikotoka hawezi kudai kwamba amefika.

Suluhisho liwe na mizizi

Baada ya tatizo huja njia ya kulitatua. Msomaji atajiuliza kwa nini njia hii na si nyingine. Jibu la "tumeona ni nzuri" halitoshi.

Wakulima wetu wa mfano wana bahati, kwa kuwa ushahidi uko jirani nao. Tangu 2009, mradi wa shirika la Save the Elephants unaoongozwa na mtafiti Lucy King umekuwa ukijaribu nyua za mizinga ya nyuki katika eneo la Sagalla. Mizinga hutundikwa kwenye nguzo kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akisukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Ndovu huogopa nyuki, na mara nyingi hugeuka na kwenda zake.

Utafiti wa miaka tisa kuhusu nyua hizo, uliochapishwa 2024, ulionyesha kwamba katika misimu ya kilele cha mazao ziliwazuia hadi asilimia 86.3 ya ndovu waliokaribia mashamba. Kikundi kinachotaja matokeo hayo katika pendekezo lake hakiombi fedha za kubahatisha. Kinaomba fedha za kueneza jambo lililokwisha kupimwa, katika udongo ule ule na mbele ya ndovu wale wale.

Si kila mradi utakuwa na utafiti wa aina hiyo. Anayetaka kufungua duka la kusaga unga anaweza kuhesabu wateja wanaokwenda kinu cha mbali kwa siku saba. Anayetaka kuuza chakula karibu na kituo cha reli ya kisasa mjini Voi, iliyoanza kubeba abiria 2017, anaweza kusimama hapo kwa juma moja akihesabu wanaoshuka na kuuliza wanakula wapi. Huo pia ni utafiti, mradi useme wazi ulihesabu lini, wapi na kwa njia gani.

Bajeti ni lugha pia

Wapo maafisa ambao hufungua ukurasa wa bajeti kabla ya kusoma chochote. Humo huona iwapo mwombaji anaifahamu kazi yake au ameokota tarakimu hewani.

Ua wa mizinga wa shamba la ekari moja, kwa mpangilio uliotumiwa Sagalla, huwa na mizinga 12 ya kweli na 12 ya bandia iliyopangwa kwa kupishana, takriban mita 10 kutoka mmoja hadi mwingine. Nafasi hizo 24 zinatoa mita 240, na mzunguko wa ekari moja ya mraba ni takriban mita 254. Hesabu inakubaliana na ardhi.

Kwa wakulima 10 wenye ekari moja moja za kuzungushiwa ua, itahitajika mizinga 120 ya kweli na 120 ya bandia. Tuseme, kwa bei za kubuni, mzinga mmoja ni Sh5,000 na wa bandia ni Sh400. Mizinga ya kweli itagharimu Sh600,000 na ya bandia Sh48,000. Nguzo na waya kwa Sh15,000 kila shamba ni Sh150,000. Mafunzo yawe Sh20,000 na usafirishaji Sh30,000. Jumla ni Sh848,000.

Kikundi kikijitolea kuleta nguzo na nguvu kazi yenye thamani ya Sh98,000, kitaomba Sh750,000. Mchango huo ni muhimu kuliko ukubwa wake. Humwonyesha mfadhili kwamba wenye mradi wametia mkono mfukoni mwao kabla ya kumwomba atie wake.

Kila bei iwe na chanzo, ikiwezekana ankara za makadirio kutoka kwa wauzaji wawili au watatu. Jumla ipigwe upya na mtu ambaye hakuiandika. Bajeti isiyojumlika vyema humfanya msomaji ashuku kurasa zote zilizotangulia, hata kama kosa ni la shilingi mia moja.

Usifiche hatari

Hapa ndipo waandishi wengi huogopa. Hudhani kwamba wakikiri udhaifu watanyimwa fedha. Mambo huwa kinyume. Afisa aliyesoma mapendekezo mengi anajua kwamba hakuna mradi usio na hatari. Akiona haikutajwa hata moja, huamua kwamba mwandishi ama hazijui ama anazificha.

Utafiti uliotajwa juu ni mfano mwema. Waliouandika hawakuishia kwenye asilimia ya kujivunia. Walieleza pia kwamba ukame wa 2017 uliwafukuza nyuki kutoka mizinga mingi na kuathiri mavuno ya asali kwa muda mrefu. Kukiri huko hakukuzima utafiti wao. Kulimpa msomaji sababu ya kuziamini tarakimu nyingine.

Kwa hivyo, wakulima wetu wa mfano wanapaswa kuandika aya fupi: ukame unaweza kufukuza nyuki, kikundi kitaweka maji karibu na mizinga wakati wa kiangazi, na wanachama wataendelea kulinda mashamba usiku mpaka mizinga ipate wakazi. Hatari imetajwa, na pamoja nayo hatua ya kuikabili.

Ripoti: Alichohesabiwa na asiyehesabiwa

Fedha zikipatikana, kazi ya kuandika ndiyo kwanza imeanza. Ripoti nyingi hujaa shughuli na kukosa matokeo. "Tulifanya warsha tatu, tulitembelea mashamba, tulifanya mikutano" ni orodha ya jasho. Msomaji anataka kujua mavuno yake. Je, baada ya warsha hizo ni wakulima wangapi waliotundika mizinga? Ndovu waliingia mara ngapi msimu huu, na msimu uliopita mara ngapi?

Sisi tunaohariri magazeti hufunzwa mapema kwamba jambo kuu liwekwe mwanzoni, kwa kuwa habari ikikosa nafasi hukatwa kutoka chini. Ripoti nayo ianze na muhtasari wa nusu ukurasa: fedha zilizopokewa, kazi iliyofanyika, mabadiliko yaliyopatikana, lililoshindikana na linaloombwa sasa. Msomaji mwenye dakika tano asome huo tu na aelewe. Maelezo, picha na stakabadhi zifuate nyuma.

Kuna hadithi ya zamani ya eneo hili inayofunza umuhimu wa hesabu katika ripoti. Mwaka 1898, simba wawili waliwashambulia wafanyakazi waliokuwa wakijenga daraja la reli juu ya Mto Tsavo, kwenye njia iendayo Nairobi kutoka Voi. Mhandisi John Henry Patterson aliwaua simba hao Desemba mwaka huo. Katika kitabu chake cha 1907 alitaja vibarua 28 wa Kihindi waliouawa, pamoja na Waafrika wengi ambao hapakuwa na kumbukumbu rasmi yao. Miaka mingi baadaye alidai kwamba waliouawa walikuwa 135.

Ngozi za simba hao ziliuzwa kwa jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, Marekani, ambako wamehifadhiwa hadi leo. Mwaka 2009, watafiti waliochunguza mabaki yao walikadiria kwamba huenda walikula watu wapatao 35. Hivyo, zaidi ya karne moja baadaye, wataalamu wenye maabara wanajaribu kujibu swali ambalo daftari la senti chache lingelijibu siku ile ile.

Funzo kwa mwandishi wa ripoti ni mawili. Kwanza, andika idadi siku tukio linapotokea. Pili, tenga kilichohesabiwa na kilichokadiriwa, na umwambie msomaji kipi ni kipi. Lakini kuna funzo la tatu lenye uchungu zaidi. Waliokuwa na kumbukumbu walipata nambari, na Waafrika ambao hawakuandikwa wakabaki kuwa "wengi" tu.

Jambo hilo halijaisha. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa kifo na Sh3 milioni kwa ulemavu wa kudumu, na ikaruhusu madai ya mazao na mifugo kupitia kamati ya kaunti. Vilevile ilisema kwamba fidia ya mali haitalipwa iwapo mwenyewe hakuchukua hatua za kadiri kuilinda. Kwa maneno mengine, mkulima asiyeandika kwamba alikuwa na ua, au kwamba alilinda shamba usiku, anaacha nje ya karatasi jambo ambalo sheria inaliuliza. Maelezo yake ni ripoti sawa na nyingine yoyote: nini kilitokea, lini, wapi, nani aliona, hasara kiasi gani na hatua zipi zilichukuliwa kuizuia.

Ripoti inaweza pia kuwa biashara yenyewe. Mwaka 2011, mradi wa kuhifadhi misitu wa Kasigau, ulio kati ya mbuga hizo mbili za Tsavo, ulikuwa wa kwanza duniani wa aina yake kupata hati za kaboni zilizothibitishwa chini ya kigezo cha VCS. Hati hizo hazitolewi kwa kuutazama msitu na kuusifu. Hutolewa baada ya wakaguzi wa nje kupitia ripoti ya ufuatiliaji na kulinganisha maandishi na miti iliyopimwa. Kinachouzwa sokoni ni hewa isiyoonekana, na karatasi ndiyo inayoipa sura.

Lugha: Fikiri kwa unayoijua

Mkazi wa Voi anaweza kujadili mradi kwa Kidawida au Kisagalla, akaendesha mkutano kwa Kiswahili, kisha akatakiwa kuandika kwa Kiingereza. Katika safari hiyo ya lugha tatu, mambo mengi hudondoka njiani. Aliyekuwa msemaji hodari mkutanini hugeuka mwoga kwenye karatasi, akajificha nyuma ya maneno makubwa asiyoyamiliki.

Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inatambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Penye ruhusa ya kuandika kwa Kiswahili, tumia haki hiyo bila kuona haya. Pale tangazo linapotaka Kiingereza, andika kwanza rasimu nzima kwa Kiswahili, kikundi kiisome na kuikubali, ndipo itafsiriwe. Kwa njia hiyo, mtafsiri atabadilisha lugha tu wala hatawatungia mradi.

Katika lugha yoyote, sentensi fupi ni salama kuliko ndefu. Linganisha hizi mbili. Ya kwanza: "Kikundi chetu kinalenga kuhakikisha uwezeshwaji endelevu wa kina mama mashinani kupitia mikakati kabambe ya kiuchumi." Ya pili: "Tutawafunza akina mama 25 kushona sare za shule, na kila mmoja atamiliki cherehani yake ifikapo Desemba." Ya kwanza inaweza kubandikwa kwenye pendekezo lolote barani Afrika. Ya pili ni ya kikundi kimoja tu, na mwakani mtu anaweza kwenda kuhesabu vyereheni.

Epuka pia kauli zisizo na mtenda. "Fedha zilitumika" humfanya mkaguzi akunje uso. Nani alizitumia, kwa idhini ya mkutano gani? Andika: "Mweka hazina alinunua mizinga 120 baada ya mkutano wa wanachama kuidhinisha, kumbukumbu na stakabadhi zimeambatishwa."

Kabla bahasha haijafungwa

Pendekezo lisitumwe siku lilipomalizika. Lilaze angalau usiku mmoja. Asubuhi yake, mtu mmoja alisome kwa sauti na wengine wasikilize. Sikio hunasa makosa ambayo jicho limeyazoea.

Kisha mpe mtu asiyejua chochote kuhusu mradi, pengine mwalimu au mwanafunzi wa chuo aliye likizoni. Usimwulize kama ni zuri, maana atasema ni zuri. Mwombe akueleze kwa maneno yake mnataka kufanya nini, kwa fedha kiasi gani na kwa faida ya nani. Akishindwa kujibu moja kati ya hayo, kosa si lake.

Hakikisha jina la kikundi limeandikwa sawasawa na lilivyo kwenye cheti cha usajili na akaunti ya benki. Tia nambari kwenye kurasa. Kagua tena tarehe, jumla za fedha na viambatisho. Ikiwa mlianzia kwenye nakala ya watu wengine, tafuteni jina lao katika kila ukurasa, kwa kuwa jina la kikundi cha kaunti nyingine likijitokeza katikati ya ahadi zenu, hakuna maelezo yatakayowaokoa.

Peleka mapema, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa mapokezi. Mkikataliwa, ulizeni sababu. Sheria ya ununuzi ya 2015 inamtaka mnunuzi wa umma amjulishe aliyeshindwa katika zabuni na kumpa sababu. Kwa maombi mengine kwa ofisi za serikali, Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinampa raia haki ya kuomba habari, na ofisi inatakiwa kujibu katika siku 21. Jibu hilo, hata likiwa chungu, ni mafunzo ya bure kwa pendekezo lijalo.

Yote haya yaweza kuonekana kuwa kazi nyingi kwa kikundi ambacho wanachama wake hushinda shambani au sokoni. Lakini sehemu kubwa ya kazi haifanyiki kwenye kompyuta, wala haifanyiki siku moja kabla ya bahasha kufungwa. Hufanyika kidogo kidogo katika daftari la katibu: leo ndovu wameingia kwa fulani, leo tumeuza asali kilo kadhaa, leo wanachama 8 kati ya 10 wamelipa mchango.

Kikundi chenye daftari kama hilo kitakapoona tangazo la mfuko, hakitahitaji kuazima maneno ya watu wengine. Kitahitaji tu kijana wa kuyapiga chapa maneno yake chenyewe.